Jina la Muthoni Nyanjiru liandikwe kwenye lango la Kituo Kikuu cha Polisi

Kwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi,
Kwa Inspekta Jenerali wa Polisi,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya,
Kwa Waziri wa Elimu.

Waheshimiwa,

Nawaandikia juu ya mwanamke aliyeuawa kwa risasi Alhamisi, Machi 16, 1922, mbele ya kituo cha polisi ambacho mpaka leo kinafanya kazi katikati ya jiji letu. Aliitwa Mary Muthoni Nyanjiru. Ombi langu nalitanguliza ili asiyependa barua ndefu awe amelipata: jina lake liandikwe kwenye ukuta wa Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi, upande wa langoni, na chini yake yaandikwe majina ya wenzake waliouawa siku hiyo, kadiri nyaraka za serikali zitakavyoyatoa. Msinipe bustani ya maua. Msinipe barabara mpya huko Ruai. Naomba pale pale alipoanguka.

Nimefundisha Historia katika shule za upili sehemu kubwa ya maisha yangu, sasa nimestaafu. Tulipofika kwenye mada ya Harry Thuku, kijana aliyewatetea Waafrika dhidi ya serikali ya wakoloni, wanafunzi waliyajua malalamiko ya wakati ule bila kusita, kwa sababu yaliletwa sana kwenye mtihani: kipande, kodi, mishahara, kazi ya lazima. Kisha unakuja mstari mmoja wa kumalizia. Thuku akakamatwa, ghasia zikazuka, watu wakauawa. Ghasia zikazuka zenyewe, kama vile hazikuwa na mtu. Nilipowatajia Nyanjiru, mkono wa kwanza kuinuliwa ulikuwa daima wa swali lile lile: mwalimu, huyo ataulizwa?

Basi tuanzie kwenye hayo malalamiko, maana bila hayo hamtaona kwa nini mwanamke wa Weithaga, Murang'a, aliyekuwa akiishi Nairobi na binti yake wa kambo, alithubutu kusimama mbele ya bunduki.

Mwaka 1921 walowezi walikubaliana kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Kodi ilikuwa imekwisha kupandishwa hadi shilingi 16. Kila mwanamume aliyepita umri wa miaka 16 alitembea na kipande ndani ya kijaluba cha chuma shingoni, ndani yake imeandikwa anafanya kazi kwa nani na analipwa kiasi gani, na tajiri asipotia sahihi ya kumruhusu kuondoka basi hana pa kwenda. Hayo ya wanaume yameandikwa sana. La wanawake halikuandikwa hivyo. Machifu walipoagizwa kupeleka vibarua mashambani kwa Wazungu, wakakosa wanaume wa kutosha, walichukua wanawake na wasichana. Wakapelekwa kuchuma kahawa mbali na kwao, wakachapwa, wengine wakanajisiwa. Thuku alilisema hili hadharani wakati ambapo wazee wengi walilinyamazia, na ndiyo maana wanawake walimwimba kama kiongozi wa wasichana. Wanawake wale hawakufika kituoni kwa kufuata mkumbo wa waume zao. Walikuwa na kesi yao wenyewe, na wakili wao alikuwa amefungiwa ndani.

Thuku, kijana wa Kambui aliyewahi kuwa karani wa simu katika ofisi za Hazina, alikamatwa Jumanne, Machi 14. Chama chake, East African Association, kilikuwa hakijatimiza mwaka. Kesho yake watu waliacha kazi, wakakusanyika nje ya kituo, wakasali. Alhamisi umati ulikuwa umefika watu kati ya 7,000 na 8,000. Hawakuwa na bunduki. Wajumbe sita walikwenda kuonana na Sir Charles Bowring, Katibu wa Koloni, kisha wakarudi kuwaomba watu watawanyike. Wanaume wakaanza kuondoka.

Yaliyofuata alikuja kuyasimulia Job Muchuchu, mmoja wa waliokuwapo. Nyanjiru aliruka akasimama, akalipandisha gauni lake mpaka mabegani, akawapazia sauti wanaume: chukueni gauni langu mnipe suruali zenu, ninyi ni waoga, mnangoja nini? Kiongozi wetu yumo humu ndani, twendeni tukamtoe. Wanawake kwa mamia wakapiga vigelegele.

Kwa msomaji asiyejua mila za Wagikuyu: mwanamke mtu mzima akimvulia mtu nguo makusudi, jambo linaloitwa guturama, hatanii wala hajapagawa. Ni laana, na ni ya mwisho baada ya maneno yote kushindwa. Mtu aliyetupiwa hiyo hana tusi la kurudisha. Waliokuwa wakiondoka waligeuka. Umati ukasonga mbele hadi singe za askari zikawa zinawagusa makoo, ndipo risasi zikaanza. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa.

Ng'ambo ya barabara ipo Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka 1904, na barazani siku ile walikuwa wameketi walowezi na vinywaji vyao. Wao pia walifyatua risasi. Thuku aliyesikia milio hiyo akiwa ndani aliamini kuwa wengi waliokufa walipigwa kutoka kwenye baraza hiyo, migongoni, wakikimbia. Serikali ilihesabu maiti 21, wanawake wanne. Waafrika waliofanya kazi chumba cha maiti walihesabu 56. Tofauti hiyo haijawahi kusuluhishwa, na ndiyo sababu mojawapo ya barua hii.

Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu bila kesi, akarudi baada ya miaka minane na zaidi. Kodi ikapunguzwa hadi shilingi 12. Naomba mwendo huo wa shilingi nne uonekane ulivyo. Haukutokana na huruma ya Gavana Northey.

Barabara inayopita kati ya hoteli na Chuo Kikuu cha Nairobi inaitwa Harry Thuku. Wapo wanaotaka ibadilishwe iitwe Nyanjiru, nami sikubaliani nao. Thuku wa 1922 aliistahili. Thuku wa baadaye ni hadithi nyingine: alianzisha Kikuyu Provincial Association mwaka 1935 akiwa upande wa serikali, akawalaani Mau Mau, akafa mkulima wa kahawa mwenye nafasi yake. Sitamnyima barabara kwa hayo; binadamu huzeeka. Nashangaa tu kwamba yeye aliyeishi akabadilika ana kibao, na aliyekufa kwa ajili yake kabla ya kupata nafasi ya kubadilika, nikipita hapo sioni jina lake. Lakini barabara haitatosha. Majina ya barabara Nairobi hayasomwi na mtu. Watu husema tukutane Archives, tukutane Kencom. Kituo cha polisi kinasomwa. Anayeingia huko ana shida, na mwenye shida husoma kila kilichobandikwa ukutani akisubiri zamu yake.

Hapo Inspekta Jenerali atauliza, kwa haki, kwa nini kituo chake kibebe aibu ya polisi wa Mwingereza. Nimjibu kwa heshima.

Ushujaa wa Nyanjiru haukuishia 1922. Februari 28, 1992 akina mama waliokuwa na wana magerezani kwa makosa ya kisiasa, Mama Monica Wangu Wamwere akiwa mmoja wao, waliketi kwenye kona ya Uhuru Park tunayoiita Freedom Corner, wakagoma kula. Profesa Wangari Maathai alikuwa nao. Machi 3 polisi wakaja na rungu na vitoa machozi. Profesa akapigwa hadi akazirai. Na wale mama, wazee wenye mvi, wakavua nguo mbele ya askari wa rika la wana wao. Miaka 70 ilikuwa imepita, bendera imebadilika, wimbo wa taifa umebadilika, na mama wa Kenya bado alikuwa amebakiwa na silaha ile ile moja. Baada ya hapo walihamia chini ya Kanisa la All Saints, wakakaa huko karibu mwaka mzima mpaka wana wao wengi wakaachiliwa. Hao hawakuwa polisi wa Mwingereza, Mheshimiwa.

Juni 25, 2024 vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha. Kodi tena. Siku tano baadaye Rais alisema kwenye runinga kwamba waliokufa ni 19. Kesho yake Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ikasema 39. Mnaona tunavyohesabu? Serikali na wenye maiti wana hesabu mbili tangu 1922, na aliyefiwa huambiwa achague aitakayo.

Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mitandaoni, akasafirishwa mpaka Nairobi, akafungiwa katika kituo hiki hiki ninachokiandikia. Kulipokucha alikuwa maiti. Tuliambiwa alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha alipigwa kichwani na kukabwa shingo, Inspekta Jenerali akaomba radhi mbele ya Seneti, na maafisa kadhaa, mkuu wa kituo akiwemo, wakashtakiwa kwa mauaji. Kesi ni ya mahakama, siigusi. Ninachosema ni kwamba kuta za kituo hicho tayari zimebeba mambo. Kuandika jambo moja la kweli juu yake hakutazidisha uzito.

Mwezi huo huo, Juni 26, Waziri wa Usalama wa Ndani alisema hadharani kwamba anayekaribia kituo cha polisi apigwe risasi. Baadaye alieleza kuwa alimaanisha wanaokuja kupora silaha. Nakubali maelezo yake. Lakini nilipolisikia lile la kwanza nilimwona Nyanjiru, maana kosa lake kamili, ukiliandika kwenye kitabu cha matukio, ni hilo: alikaribia kituo cha polisi.

Kifungu cha 37 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kugoma na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka, kwa amani na bila silaha. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inaeleza katika Jedwali lake la Sita ni lini afisa aruhusiwe kutumia bunduki: njia nyingine zikishindwa, kwa kulinda uhai, na kwa kutoa ripoti baadaye. Vyote vizuri. Afisa kijana hufundishwa vifungu hivyo kwenye chuo cha polisi cha Kiganjo akavifaulu. Nami nimefundisha muda wa kutosha kujua kwamba kifungu hakikai kichwani bila kisa. Mpeni kisa. Konstebo anayeripoti kazini saa kumi na mbili asubuhi apite chini ya jina la mtu aliyeuawa mlangoni kwake na askari wa rika lake, Mwafrika kama yeye. Hilo sidhani kama ni tusi kwa Huduma ya Polisi. Maafisa wengi niwajuao, wengine nimewafundisha, wangelisoma kwa staha.

Sasa upande wa gharama, kwa sababu najua Gavana ataanzia hapo. Kibao cha shaba cha kimo cha mlango hakiwezi kuzidi bei ya mabango yanayotundikwa jijini kila kukiwa na mkutano wa magavana. Tena hapo Freedom Corner ipo kumbukumbu ya Mau Mau iliyozinduliwa Septemba 12, 2015, iliyogharimiwa na serikali ya Uingereza baada ya kukubali kuwalipa manusura zaidi ya 5,000 wa mateso ya vita hivyo. Nendeni mkaitazame kwa karibu. Ni mpiganaji na mwanamke anayempokeza chakula, kila mmoja amegeuza uso asimwone mwenzake, ili akikamatwa asiweze kumtaja. Kazi nzuri, na imesema kweli kuhusu vita vile. Lakini huyo mama hana jina. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ana sanamu yenye jina kwenye barabara yenye jina lake. Tom Mboya, mwanasiasa wa wakati wa uhuru, naye ana yake, mbele ya jengo la Nyaraka za Kitaifa. Mama amebeba kikapu. Sitaki Nyanjiru aingie kwenye kundi hilo la mama wa Kenya asiye na jina wala kijiji, anayesifiwa kila Oktoba 20, Siku ya Mashujaa, kwa uvumilivu. Yeye hakuvumilia. Alitukana watu, akavua gauni, akasonga mbele.

Na hapa nina neno na Waziri wa Elimu. Nimewahi kuambiwa, katika kikao cha walimu ambacho sitakitaja, kwamba kisa hiki hakifai vitabu vya watoto kwa sababu ya lile gauni. Tukaacha kukitumia. Kumbukeni ni nini kilichobaki kwenye kitabu hicho hicho: picha za watu wamefungwa minyororo, Waiyaki, kiongozi wa Wagikuyu aliyekamatwa na Waingereza, kuzikwa Kibwezi, Kimathi amelala kwenye machela. Vyote hivyo mtoto wa darasa la sita aliweza kuvibeba. Mwanamke aliyeonyesha hasira yake kwa namna ambayo nyanya yake mtoto huyo angeielewa mara moja, huyo ndiye asiyefaa. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ina watu hodari wa kuandika. Wataandika vizuri bila kuficha. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza, aliingia vitabuni na kifaranga chake, na hakuna mtoto aliyeharibika.

Kwa Makavazi ya Kitaifa ombi ni la kisheria. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inaruhusu mahali patangazwe kuwa turathi kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Peleka pendekezo kwa waziri husika, eneo lile la mbele ya kituo litangazwe, ili siku kituo kikivunjwa na kujengwa ghorofa, kama ilivyo desturi ya jiji hili, mjenzi akute kuna kitu asichoweza kukivuruga.

Kuhusu majina mengine, hapo ndipo penye kazi. Wale 21, au 56, walikuwa na kipande, wengi wao. Serikali iliyoweza kumwandikia kila mtu mwajiri, mshahara na alama za vidole haiwezi kusema haikujua imemuua nani. Faili zipo za kutafutwa, Nairobi kwenye jengo la Nyaraka kando ya Barabara ya Moi na London vilevile. Naomba kamati ndogo: mtafiti wa Makavazi, mtunza nyaraka, mtu wa kanisa, kwa kuwa wengi wao walikuwa wasomi wa misheni na vitabu vya ubatizo vina ndugu na vijiji. Wazee wa Weithaga waulizwe kabla ya kibao kuandikwa, si siku ya kuzindua watakapoitwa kuja kuimba. Zipo familia za Murang'a, Kiambu na Nyeri ambazo babu alikwenda Nairobi kufanya kazi mwaka huo na hakurudi. Kwao jina moja kwenye ukuta litamaliza swali la vizazi vinne.

Maandishi ya kibao yawe ya Kiswahili, Kigikuyu na Kiingereza. Yaseme aliuawa na nani. Nawasihi sana msiandike "alipoteza maisha". Idadi zote mbili ziwekwe, 21 na 56, na mwenye kila idadi atajwe. Nafasi iachwe chini kwa majina yatakayopatikana baadaye. Na uzinduzi ufanyike Machi 16, asubuhi, barabara ikiwa wazi, bila kizuizi cha waya wa miiba na bila lori la maji ya kuwasha likiwa limeegeshwa pembeni.

Nasubiri jibu la maandishi kutoka kwa kila ofisi, maana katika nchi hii ofisi nne zikiandikiwa pamoja kila moja huamini mwenzake ndiye aliyejibu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa Historia,
Nairobi.

Nakala:
Karani wa Bunge la Taifa
Mwenyekiti, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi
Mkuu wa Kituo, Kituo Kikuu cha Polisi, Nairobi